Daftari la Mwanafunzi

Kumbukumbu ya mwanadamu ni mtungi wenye ufa. Hujazwa mafunzo asubuhi, na kabla jua halijachwa sehemu kubwa ya yaliyotiwa imekwisha kuvuja. Kwa sababu ya udhaifu huo, watu wa kila zama waliotafuta elimu walitafuta pia njia ya kuizuia isipotee. Wengine waliandika juu ya udongo, wengine juu ya mafunjo, wengine juu ya ubao, na sisi twaandika juu ya karatasi. Maandishi ambayo mwanafunzi hujiandikia mwenyewe ili akumbuke aliyofundishwa huonekana kuwa kitu kidogo. Hayapambwi kwa jalada la thamani, wala hayawekwi kabatini pamoja na vitabu vya waandishi wakubwa. Mwaka wa masomo ukiisha, aghalabu hutupwa, au kurasa zake hufungiwa njugu sokoni. Walakini historia yashuhudia kwamba sehemu kubwa ya elimu ya dunia ilivuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine katika chombo hiki kinachodharauliwa. Katika insha hii tutayatazama baadhi ya maandishi hayo, tuone yalifanya kazi gani, kisha tujiulize kama madaftari yetu yafanya kazi hiyo leo.

Tuanze na nchi ya kale ya Sumeri, iliyokuwa katika sehemu ya kusini ya Iraki ya sasa. Huko palikuwa na mji ulioitwa Nippur. Mnamo 1951 na 1952 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika mji huo nyumba ndogo iliyokuwa shule yapata mwaka 1740 kabla ya kuzaliwa Kristo. Ndani yake walikuta vibao vya udongo, vizima na vipande, zaidi ya 1,000. Wanafunzi wa zama zile waliandika kwa kalamu ya tete juu ya udongo mbichi. Katika vibao vingine mwalimu aliandika mfano upande wa kushoto, na mwanafunzi akaunakili upande wa kulia, akaufuta, akaunakili tena mpaka mkono ulipozoea. Masomo yao yalikuwa ya namna nyingi kama yalivyo yetu: orodha za majina ya miti, vyombo, wanyama na mawe, majedwali ya kuzidisha, mifano ya mikataba, methali, na tenzi za mashujaa. Vibao vilivyokwisha kazi havikuwa na heshima. Vingine vililoweshwa ili udongo wake utumike tena, na vingine vilishindiliwa katika sakafu na kuta za nyumba ile ile.

Fikiri basi, msomaji, juu ya majaliwa ya vitu. Fasihi ya Kisumeri, pamoja na hadithi za mfalme Gilgamesh katika lugha hiyo, yajulikana leo zaidi kwa nakala za watoto wa shule. Majumba ya wafalme yaliporomoka, lugha yenyewe ikafa vinywani mwa watu, lakini zoezi la mtoto lililotiwa katika sakafu lilibaki. Mtoto yule hakujua kwamba alikuwa akiwaandikia watu ambao wangezaliwa baada ya miaka zaidi ya 3,000. Alijua tu kwamba mwalimu atalikagua somo lake.

Misri ya kale yatupa mfano wa pili, na huu ni wa hesabu. Yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwandishi aliyeitwa Ahmose alinakili juu ya mafunjo maswali 84 ya hesabu pamoja na majibu yake, akaeleza kwamba alifuata maandishi ya zamani zaidi. Humo mna maswali ya kugawa mikate kwa watu 10, ya kupima ujazo wa ghala la nafaka, ya kutafuta eneo la shamba, na ya kukadiria mwinamo wa piramidi. Hati hiyo ilinunuliwa mjini Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sasa imehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Jambo la kujifunza kwa Ahmose ni utaratibu wake. Hakukusanya kanuni tupu. Aliandika swali, akaonyesha hatua za kulifanya, na mara kadhaa, baada ya kupata jibu, alilijaribu aone kama lakubaliana na swali. Mwanafunzi anayejaza daftari la hesabu kanuni peke yake, bila mfano mmoja uliofanywa mpaka mwisho, amepungukiwa na busara iliyokuwako Misri kabla ya miaka 3,500.

Tutoke Misri twende Ugiriki, chini ya utawala wa Roma, tumtazame mwalimu ambaye hakuandika kitabu hata kimoja. Huyu ni Epictetus, aliyezaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo, akakulia utumwani, kisha akawa huru na kufungua shule katika mji wa Nicopolis. Alifundisha kwamba yako mambo yaliyo katika uwezo wetu, na yako mengine yasiyo katika uwezo wetu, na kwamba mtu mwenye hekima hushughulika na yale anayoyaweza. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana Arrian. Kijana huyu alikaa darasani akaandika maneno ya mwalimu wake jinsi yalivyotamkwa, kwa kadiri alivyoweza. Baadaye alieleza kwamba hakukusudia kutunga kitabu. Alijiwekea ukumbusho tu. Ukumbusho huo ulijaa vitabu vinane, na katika hivyo vinne vingalipo. Karibu kila tunalolijua katika mafundisho ya mtumwa yule aliyekuwa mwalimu, twalijua kwa sababu mwanafunzi mmoja hakuwa mvivu wa kuandika.

Hata hivyo, daftari lina hatari yake, na hatari hiyo haisemwi vizuri zaidi kuliko katika kisa kinachosimuliwa juu ya Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Uajemi aliyezaliwa mjini Tus mwaka 1058 na kufa mwaka 1111. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alikwenda Jurjan kusoma, akaandika mafunzo mengi aliyoyapata. Alipokuwa akirudi kwao, wanyang'anyi waliushambulia msafara wakachukua kila kitu. Al-Ghazali aliwafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zake, kwa kuwa hazina faida kwao na kwake ndizo elimu yake yote. Mnyang'anyi akacheka. Akamwuliza, yawaje mtu ajidai kuwa ana elimu ikiwa akinyang'anywa karatasi hubaki mtupu? Kisha akaamuru arudishiwe mali yake. Maneno yale yalimchoma kijana. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, ili kwamba hata akiporwa tena asiporwe elimu.

Kisa hiki chapasa kuwekwa mizanini pamoja na vile vilivyotangulia. Daftari huokoa elimu isipotee duniani, lakini haliwezi kuwa na elimu badala ya mwenyewe. Ni daraja, na mtu hajengi nyumba juu ya daraja. Hulipita akafika ng'ambo.

Watu wa pwani yetu walilijua jambo hili katika malezi ya watoto wao. Chuoni mtoto aliandikiwa aya juu ya ubao kwa wino. Alipokwisha kuihifadhi, ubao ulioshwa, ukaandikwa aya nyingine. Maandishi yalifutwa kwa kuwa yalikwisha kuhamia moyoni. Wale walioendelea mbele katika elimu walinakili vitabu kwa mkono, wakakaa mbele ya mwalimu, wakaandika tafsiri na maelezo yake pambizoni na baina ya mistari. Huko Lamu, ambako Habib Swaleh aliasisi Msikiti wa Riyadha na chuo chake zama za kuingia karne ya 20, ingali imehifadhiwa miswada yenye maelezo ya namna hiyo. Pambizo la kitabu ndilo lililokuwa daftari la wanafunzi wale. Mtu anayeufungua mswada kama huo husoma mambo mawili kwa pamoja: maneno ya mtungaji, na juhudi ya mwanafunzi aliyetaka kuyaelewa.

Sasa tutazame jinsi daftari lilivyoweza kugeuza maisha ya mtu mmoja, na kwa njia yake maisha ya ulimwengu. Michael Faraday alizaliwa karibu na London mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, na mtoto hakupata shule ila kidogo. Alipotimia miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi wa vitabu kujifunza kazi, akakaa huko miaka saba. Mikono yake ilishona vitabu, na macho yake yakavisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Taasisi ya Kifalme. Faraday alisikiliza akaandika. Aliporudi nyumbani aliyaandika yote upya kwa hati safi, akachora picha za vyombo vilivyotumiwa katika majaribio, akayajalidi mwenyewe yakawa kitabu cha kurasa zaidi ya 300. Mwishoni mwa mwaka ule alimpelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi.

Barua za kuomba kazi huwa nyingi, na nyingi hutupwa. Barua hii ilikuja na ushahidi. Davy aliona kwamba kijana huyu, ambaye hakuwa na cheti wala jina, alikuwa amesikiliza kuliko waliozoea kukaa mbele. Mwezi wa Machi mwaka 1813 Faraday akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya taasisi ile. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya. Mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu za maji, ikiwa pamoja na ile ya Kindaruma katika mto Tana iliyoanza kazi mwaka 1968, hutegemea kanuni hiyo. Faraday hakuacha kuandika hata alipokuwa bingwa. Aliziandikia namba aya za daftari lake la majaribio, na namba hizo zikapita 16,000. Humo aliandika yaliyofaulu na yasiyofaulu, kwa sababu jaribio lisilofaulu nalo lina somo lake.

Kwa nini kuandika na kurudia kuwe na nguvu namna hii? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu, nacho kilitokana na majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kazi kiasi gani anayohitaji ili kuzihifadhi tena baada ya muda. Aliona kwamba kwa muda wa saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ya kwanza ilikuwa imepotea. Baada ya hapo upotevu uliendelea, lakini polepole. Kadhalika aliona kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali yana faida kuliko marudio mengi yaliyolundikwa pamoja. Mwanafunzi anayelifungua daftari lake usiku wa kuamkia mtihani tu, baada ya kulifunga miezi mitatu, hupingana na maumbile ya akili yake mwenyewe.

Mfano mwingine wahusu elimu ya lugha, nao una sifa na onyo pamoja. Kati ya 1907 na 1911 Ferdinand de Saussure alifundisha mjini Geneva mafunzo juu ya asili na utaratibu wa lugha za wanadamu. Alifariki mwaka 1913 bila kuyatolea kitabu. Rafiki zake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, walitafuta maandishi yake wakapata machache sana, kwa kuwa desturi yake ilikuwa kuziharibu hati za matayarisho. Basi wakayakusanya madaftari ya wanafunzi, wakayalinganisha, wakatunga kutokana nayo kitabu kilichotoka mwaka 1916. Kitabu hicho kiligeuza njia za kuchunguza lugha katika vyuo vingi vya dunia. Hii ndiyo sifa. Na onyo ni hili: Bally na Sechehaye hawakuwamo darasani. Wataalamu walipoyarudia madaftari yenyewe, kama Robert Godel alivyofanya katika kitabu chake cha mwaka 1957, waliona tofauti baina ya yaliyoandikwa na wanafunzi na yaliyotiwa kitabuni. Hata sentensi mashuhuri inayokifunga kitabu kile haikuonekana katika madaftari. Kumbe kila muhtasari una mkono wa aliyeufanya. Anayesoma muhtasari wa mwingine huona yale ambayo mwingine aliyachagua, na yaliyoachwa nje hawezi kuyajua.

Mfano wetu wa mwisho watoka katika bara letu wenyewe, nao watuonyesha thamani ya daftari mahali ambapo lilikuwa neema ya kunyimwa. Katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, wapinzani wa ubaguzi wa rangi walifungwa miaka mingi. Wafungwa wengine waliruhusiwa kusoma kwa njia ya posta, lakini ruhusa hiyo iliweza kuondolewa wakati wowote kuwa adhabu. Nelson Mandela, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, alinyimwa masomo kwa miaka minne baada ya wakuu wa gereza kugundua habari za maisha yake alizokuwa akiziandika kwa siri. Walakini wafungwa hawakuacha kufundishana. Aliyejua historia alifundisha historia, na aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Mwenzake Ahmed Kathrada alinakili katika madaftari saba maneno aliyoyapenda katika vitabu na magazeti yaliyomfikia. Alipofunguliwa mwaka 1989 alikuwa amekwisha kupata shahada nne akiwa kifungoni. Kwa watu wale daftari lilikuwa mahali ambapo askari hakuweza kuingia.

Sasa tujitazame sisi. Katika nchi yetu muhtasari wa masomo hupatikana kwa urahisi kuliko zamani. Huuzwa madukani katika vijitabu vya marudio, na hupitishwa kutoka simu hadi simu. Haifai kuvilaani vitu hivi. Mahali ambapo wanafunzi wengi hushiriki kitabu kimoja, muhtasari uliotayarishwa na mwalimu hodari ni msaada mkubwa, na asiyekuwa na taa haichagui nuru. Lakini hasara huingia pale ambapo msaada huchukua mahali pa kazi yenyewe. Mwanafunzi hununua maneno ya mwingine, huyakariri asiyoyaelewa, huyamwaga katika chumba cha mtihani, na baada ya juma moja habaki na kitu. Hali yake ni mbaya kuliko ya kijana wa Tus. Yule aliporwa karatasi alizoziandika mwenyewe, na huyu hana hata za kuporwa.

Njia ya kuepuka hasara hii si ngumu. Mwaka 1962 mwalimu Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza katika kitabu chake utaratibu ambao umetumiwa na wengi. Ukurasa hugawanywa kwa mstari wa wima. Upande wa kulia, ulio mpana, huandikwa mafunzo wakati wa somo. Upande wa kushoto, ulio mwembamba, huandikwa baadaye maswali na maneno makuu. Chini huandikwa muhtasari mfupi kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Anaporudia, hufunika upande wa kulia kwa mkono, akajaribu kujibu maswali ya kushoto bila kutazama. Hivyo daftari huwa mwalimu wa pili.

Tena kila somo lina daftari linalolifaa. Daftari la hesabu na liwe kama la Ahmose: swali, hatua, jibu na uhakikisho. Daftari la sayansi na liwe kama la Faraday: picha ya chombo, jambo lililotendwa, jambo lililoonekana, na maana yake. Katika historia, miaka isiandikwe kama idadi ya mawe barabarani. Kila mwaka na uandikiwe sababu iliyoutangulia na tokeo lililoufuata. Katika jiografia, ramani ndogo iliyochorwa kwa mkono hufundisha kuliko ukurasa wa maneno. Katika lugha, neno jipya na litiwe katika sentensi ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe, kwani neno lisilotumiwa ni mgeni asiyekaribishwa ndani. Katika fasihi, andika kwanza lile ulilolifikiri wewe juu ya mhusika au shairi, ndipo uongeze lile lililofikiriwa na wahakiki.

Vibao vya Nippur vilipona kwa sababu watoto waliandika wenyewe. Mafundisho ya Epictetus yalipona kwa sababu mtu mmoja aliyasikiliza kwa moyo. Faraday aliingia katika nyumba ya elimu akiwa amechukua mkononi kazi yake mwenyewe, wala hakuna duka ambalo lingeweza kumwuzia. Vijana wanaosoma insha hii wamo katika silsila hiyo ndefu ya waandikaji wasiojulikana majina. Daftari lililo mezani pao leo ni tupu au limeandikwa nusu. Yatakayojazwa humo kwa mkono wao, kwa maneno waliyoyaelewa na kuyarudia mpaka yakahamia moyoni, hayo ndiyo watakayokuwa nayo siku karatasi zitakapopotea.